Kuruka na ndege ndogo kutoka kiwanja cha porini: hesabu, alama na mbio zenyewe

Ajali ya kuruka kwenye kiwanja cha porini mara nyingi haianzi kwa ndege kugoma kunyanyuka. Inanyanyuka. Magurudumu yanaachana na majani, abiria wanashusha pumzi, kisha ndege inabaki hapo hapo, mita 3 au 5 kutoka ardhini, pua juu, kengele ya stoli (bawa kupoteza mnyanyuo) ikilia, na miti ya mbele inazidi kuwa mikubwa. Rubani aliyefika hapo amebakiwa na machaguo mabaya matupu. Mazuri ameshayapita: kwenye mizani, kwenye kipimajoto, na kwenye nusu ya kwanza ya kiwanja.

Tarehe 30 Juni 2012, ndege aina ya Stinson 108-3 yenye watu 4 iliruka kutoka kiwanja cha Bruce Meadows, jimbo la Idaho, Marekani. Kiwanja hicho kina urefu wa futi 5,000 hivi, yaani karibu mita 1,500, na kipo futi 6,370 juu ya usawa wa bahari. Kulikuwa na joto, na hewa ilikuwa nyembamba kana kwamba kiwanja kiko zaidi ya futi 9,000. Ndege ilikimbia masafa marefu, ikanyanyuka, ikashindwa kupanda, ikaishia msituni. Wote 4 walitoka hai. Urefu wa kiwanja haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kupanda, na hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalihesabu kabisa: wanauliza kama ndege itanyanyuka, hawaulizi kama itapanda baada ya hapo.

Yafuatayo ni kwa rubani ambaye tayari ana leseni na ameshafundishwa kuruka kwenye ardhi laini na viwanja vifupi. Pale ambapo kitabu cha ndege yako kinasema tofauti, fuata kitabu.

Tembea kiwanja chote

Usikiangalie kutoka kwenye kiti cha rubani. Tembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, katikati na kwenye mistari miwili ambayo magurudumu makuu yatapita. Kabla ya safari pima hatua zako kwenye mita 100 zinazojulikana. Watu wengi huhitaji hatua 125 hadi 140, na ukishajua yako unapima kiwanja chochote bila kifaa.

Tia mkazo kwenye nusu ya pili. Shimo dogo mwanzoni, ndege ikiwa kwenye mwendo wa baiskeli, litakutikisa tu. Shimo hilo hilo ndege ikikaribia mwendo wa kunyanyuka linaweza kuvunja gurudumu la mbele. Tafuta mashimo ya wanyama yaliyofunikwa na majani, mifereji iliyochimbwa na mvua kukata kiwanja, mawe makubwa kuliko ngumi, visiki, na vinundu vya ardhi. Kama gari lenye springi ngumu linaweza kupita urefu wote kwa kilomita 75 kwa saa bila waliomo kusumbuka, usawa wa ardhi unatosha. Kama hakuna gari, miguu na macho yako ndiyo kipimo, na hapo usiwe na haraka.

Kwa ulaini, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu kila baada ya hatua 20 au 30. Kisigino kikizama, tairi litazama zaidi, maana tairi limebeba mamia ya kilo kwenye eneo dogo. Sehemu yenye matope hata ya mita 15 tu inaweza kukunyang'anya noti 5 au 10 ulizozihangaikia, kwa hiyo weka alama pale inapoanza na amua mapema utapita upande gani. (Noti ni maili ya baharini kwa saa, takriban kilomita 1.85.) Nyasi nazo zipime. Zikizidi sentimita 20 vipimo vya kawaida vya nyongeza havikuhusu tena. Zikate au usiruke.

Mteremko upime kwa altimita (kipimo cha mwinuko) ya ndege yenyewe: soma futi mwisho mmoja, soma mwisho mwingine, gawanya tofauti kwa urefu. Kiwanja cha mita 800 chenye tofauti ya mita 16, karibu futi 52, kina mteremko wa asilimia 2. Macho hayafai kwa kazi hii, hasa kiwanja kikiwa ndani ya bonde ambalo lenyewe limeinama, kwa sababu unalinganisha mwinamo na mwinamo.

Mwisho kabisa simama pale kiwanja kinapoishia, geuka uangalie mbele. Ndege isiponyanyuka itaingia wapi? Vichaka laini, shamba, mtaro, au korongo? Jibu hilo linabadilisha mahali utakapoweka alama ya kukatiza, yaani ya kuacha mbio na kusimama.

Mwinuko wa hewa

Injini, propela na mabawa havijui ramani. Vinajua uzito wa hewa tu. Weka altimita kwenye presha ya hektopaskali 1013 ukiwa chini, soma futi zake. Kisha tafuta joto la kawaida la mwinuko huo: nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari, ukitoa nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi iliyozidi hapo inaongeza futi 120.

Tuseme altimita inasoma futi 5,000 na kipimajoto nyuzi 30. Joto la kawaida la futi 5,000 ni nyuzi 5. Umezidi kwa 25, na 25 mara 120 ni 3,000. Ndege yako iko futi 8,000, hata kama umesimama kwenye futi 5,000. Huo ndio mwinuko wa hewa. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo karibu robo ya nguvu haipo. Propela na bawa navyo vinafanya kazi kwenye hewa hiyo hiyo nyembamba.

Kuna mtego mwingine hapa ambao umewapata marubani wazoefu. Kwenye futi 8,000 za hewa, kipimamwendo kikisema noti 55 ndege inakwenda kweli karibu noti 62. Bawa linataka zile 55 za kwenye kipimamwendo, lakini macho yanaona ardhi ikipita kwa 62. Rubani aliyezoea viwanja vya chini anahisi "tayari tumeshika mwendo" na anavuta usukani mapema. Ndege inanyanyuka nusunusu, inaburuta mkia hewani, haiongezi mwendo. Amini kipimamwendo. Ardhi itaonekana inakimbia kuliko kawaida, na ndivyo inavyotakiwa kuonekana.

Kwa ndege yenye kabureta au sindano za mafuta isiyo na tabo, kuacha mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa na mafuta mengi kwenye mwinuko ni kuitupa nguvu kidogo iliyobaki. Vitabu vingi vya ndege za Cessna vinaelekeza kupunguza mafuta kabla ya kuruka kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000: throto (kishikio cha nguvu ya injini) wazi kabisa ndege ikiwa imesimama, vuta kishikio cha mchanganyiko kidogo kidogo hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa. Fanya hivyo mahali pagumu pasipo na kokoto, kisha acha kishikio hapo.

Kutoka namba ya kitabu hadi namba ya porini

Jedwali la kitabu limetengenezwa kwa ndege mpya, rubani wa majaribio, na mara nyingi lami kavu na tambarare. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, CAA, imekuwa ikiwapa marubani wa ndege ndogo vizidisho ambavyo ni rahisi kukumbuka. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, zidisha umbali kwa 1.2. Nyasi kavu hadi sentimita 20 kwenye ardhi ngumu, 1.2. Nyasi mbichi zenye maji, 1.3. Ardhi laini, 1.25 au zaidi. Kupanda mteremko wa asilimia 2, 1.1. Upepo wa nyuma wenye nguvu ya moja ya kumi ya mwendo wa kunyanyuka, 1.2. Mwisho wa yote, 1.33 ya usalama. Kama jedwali lako halina mwinuko na joto ndani yake, ongeza 1.1 kwa kila futi 1,000 na 1.1 kwa kila nyuzi 10.

Vinazidishwa kimoja juu ya kingine, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwa kuvijumlisha kichwani. Tuseme kitabu, kwa joto na mwinuko wa leo, kinatoa mita 550 hadi kuvuka kizuizi cha futi 50. Kiwanja kina nyasi zenye umande na kinapanda asilimia 2. Mita 550 mara 1.3 ni 715. Mara 1.1 ni karibu 787. Mara 1.33 ni 1,046. Upepo wa nyuma wa noti 5 au 6 ukiingia, 1,255. Mita 550 za kitabu zimezaa mita 1,255, na hakuna chochote cha ajabu kwenye kiwanja hicho: umande, mwinamo kidogo, na upepo ambao hata kofia hauitoi kichwani.

Sasa hesabu kupanda, maana ndiko kulikoiangusha ile Stinson. Chukua ndege inayopanda futi 300 kwa dakika huku ikisafiri noti 70 juu ya ardhi. Kwa dakika inakwenda mita 2,161 mbele na mita 91 juu, yaani asilimia 4.2. Kwa kila kilomita moja unapata mita 42. Bonde lenye sakafu inayopanda asilimia 4 linakula karibu yote, na hewa inayoshuka futi 300 kwa dakika upande wa mlima uliokingwa dhidi ya upepo inakula yote kabisa. Ukiona namba za namna hiyo, elekea kule ardhi inakoshuka hata kama upepo si mzuri sana, au subiri asubuhi.

Asubuhi na mapema ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Joto la nyuzi 12 badala ya 30 kwenye kiwanja cha mfano wetu linashusha mwinuko wa hewa kwa futi 2,160. Angalia tu kwamba milimani hewa baridi ya alfajiri huteremka na bonde. Kama unaruka kuteremka, huo ni upepo wa nyuma hata kama juu ya vilele kumetulia.

Viwanja vyenye mteremko mkali huwa vya upande mmoja: unatua ukipanda, unaruka ukiteremka. Mteremko unakusaidia kushika mwendo, na unakunyima breki. Ukishaanza mbio kwenye mteremko wa asilimia 8 wenye nyasi mbichi, kukatiza baada ya theluthi ya kwanza ni jina tu. Kwa hiyo kiwanja cha namna hiyo kinataka maamuzi yote yaishe kabla ya kuachia breki, na upepo wa nyuma unaoongezeka ukiwa umejipanga ni sababu tosha ya kuzima injini na kukaa kivulini.

Mzigo

Pima kwa mizani, usiulize. Mtu akiulizwa uzito husema wa miaka mitano iliyopita, tena bila viatu, bila begi na bila maji ya kunywa. Petroli ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo lita 80 usizozihitaji ni kilo 58, karibu mtu mzima mwembamba. Kama kuna kiwanja kizuri dakika 20 mbele, peleka watu huko kwa safari mbili ukiwa na mafuta kidogo pamoja na akiba inayotakiwa kisheria, kisha jaza huko. Safari mbili zinachosha, lakini kupunguza asilimia 10 ya uzito ni msaada mkubwa kuliko ufundi wowote wa mikono.

Mzigo wa nyuma ufungwe kwa mikanda au wavu kwenye pete za sakafuni. Kwenye mtikiso wa kiwanja kibovu, debe lisilofungwa husogea nyuma pua ikiinuka, na kitovu cha uzito huenda nalo. Mafuta ya kutoka kwenye pipa yaache yatulie, usinyonye kutoka chini kabisa, yapitishe kwenye kichujio kinachozuia maji, unganisha waya wa umeme tuli kati ya pipa na ndege kabla ya kufungua kifuniko, kisha chota sampuli kila bomba la kumwagia baada ya kujaza.

Ndege yenyewe

Kanuni za Marekani za kuunda ndege ndogo zilitaka angalau inchi 7, karibu sentimita 18, kati ya ncha ya propela na ardhi kwa ndege yenye gurudumu la mbele, na inchi 9, karibu sentimita 23, kwa yenye gurudumu la mkia. Sentimita 18 si kitu. Shokomzoba ya mbele iliyopungua gesi na tairi lililolegea zinazila nusu, na shimo moja linamaliza zilizobaki. Pima urefu wa chuma kinachong'aa cha shokomzoba, ulinganishe na kitabu, na upime hewa ya tairi kwa geji, si kwa teke. Vifuniko vya magurudumu viondoe kabla ya kwenda kwenye matope: vinajaa udongo na kulishika gurudumu kama breki. Pitisha mkono kwenye bomba la breki lote, kwa sababu vichaka hulikwaruza hadi kulitoboa.

Propela ikague kwa ukucha. Pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa mbele, kutoka katikati kwenda nje. Mkwaruzo ambao ukucha unateleza juu yake ni wa kuangaliwa tu. Ukucha ukikwama, una kipele chenye kona kali, na kona kali ndiyo mbegu ya ufa, hasa kwenye theluthi ya nje ambako bleidi inavutwa na kutetemeka kuliko kwingine. Fundi atakisugua kwa faili hadi kiwe bonde laini. Usiruke nacho ukisema utakishughulikia nyumbani.

Kiti cha rubani kistahili dakika nzima. Kwenye Cessna nyingi kiti hukaa juu ya reli mbili zenye mashimo, na pini huingia shimoni kukizuia. Mashimo yakilika yakawa mviringo mrefu, au pini ikaingia nusu, kiti kinaweza kuteleza nyuma ghafla wakati wa kushika mwendo. Mkono ulioshika usukani unakwenda nacho, pua inapanda juu, na ndege inastoli mita chache kutoka ardhini. Marekani iliagiza reli hizo zikaguliwe kwa sababu ya ajali za namna hii. Sogeza kiti, sikia pini ikigonga, kisha jisukume kwa nguvu mbele na nyuma mara mbili. Inama uitazame pini kwa macho. Mfundishe abiria wa mbele vivyo hivyo, na mwambie asishike usukani hata kiti chake kikiteleza.

Kufuli la usukani liwe limetolewa, trimu (kirekebishi cha uzito wa usukani) iwe ya kuruka, tanki sahihi, milango imefungwa. Joto la kabureta lizimwe, kwa sababu hewa yake haipiti kwenye chujio, na vumbi la kiwanja ni msasa ndani ya silinda.

Alama ya kukatiza

Kanuni inayojulikana ni hii: ukifika nusu ya kiwanja uwe na asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyuka, la sivyo kata. Ina hesabu nyuma yake. Nishati ya mwendo huenda kwa mraba, na 0.7 mara 0.7 ni 0.49, kwa hiyo kwenye asilimia 70 ya mwendo umemaliza nusu ya kazi. Kama mwendo wa kunyanyuka ni noti 55, unataka 38 na nusu kwenye alama, sema 39.

Kanuni ni nzuri lakini ina matundu matatu. Inadhani nusu ya pili ni nzuri kama ya kwanza. Kama matope yako mbele, haikulindi. Inadhani unaweza kusimama kwenye nusu iliyobaki, na nyasi mbichi haziahidi hivyo. Tena haisemi chochote kuhusu kupanda. Ndiyo maana alama mbili ni bora. Ya kwanza iwe kwenye nusu ya umbali wa mbio uliouhesabu. Kama hesabu, baada ya vizidisho vya ardhi, inasema utanyanyuka mita 360 kwenye kiwanja cha mita 900, basi kwenye mita 180 uwe na asilimia 70, au uwe karibu sana nayo. Ukiikosa kwa mbali, kuna kitu kibovu: magneto (mtambo wa cheche za injini), breki inayokwaruza, nguvu pungufu, upepo ulioshuka. Usisubiri hadi mita 450 kukijua. Alama ya pili ni ya mwisho kabisa: mahali ambapo, ukifunga throto, bado unasimama ndani ya kiwanja kwa hali ya leo. Ikiwa magurudumu bado yako chini hapo, unafunga bila mjadala.

Alama iwe kitu unachokiona pembeni ya jicho bila kugeuza kichwa: fulana ya rangi kali, kifuniko cha ndoo, matawi mawili yaliyopandwa wima kila upande. "Kile kichaka" si alama. Vichaka vyote hufanana throto ikiwa wazi. Ndege ikianza mbio, sema alama kwa sauti: "Moja, arobaini, tunaendelea." Kusema kwa sauti kunaulazimisha ubongo kuamua badala ya kutumaini.

Mbio

Flapi (vibamba vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa) ziwe kama kitabu kinavyosema. Kwa Cessna 172S ni digrii 10, na zaidi ya hapo si msaada bali mzigo. Ukaguzi wa injini umeshaufanya mahali pagumu, kwa hiyo hapa husimami. Ingia kwenye kiwanja ukitembea taratibu, usukani umevutwa nyuma kabisa ili gurudumu la mbele lipungukiwe uzito, geuka kwenye mstari wako, na bila kusimama sukuma throto polepole kwa sekunde 3 hivi. Kwenye kokoto hilo lina faida ya pili: propela inakuwa imesogea mbele kabla ya kunyonya kwa nguvu, na mawe yanabaki nyuma yake.

Tazama mara moja tu ndani: mizunguko, presha ya oili, kipimamwendo kimeamka. Kimoja kikikosekana, funga. Kisha macho yaende mbali, miguu ishike mstari. Propela ya ndege nyingi huivuta pua kushoto, na kwenye nyasi kukanyaga kwa nguvu pedali ya kulia kunahitajika mapema.

Pua itaanza kuwa nyepesi. Iruhusu ipande kidogo tu, kisha legeza usukani taratibu kadiri elevata (kibamba cha mkiani kinachoinua pua) inavyopata nguvu. Rubani anayeendelea kuvuta hadi mwisho anaburuta bawa kwenye pembe kubwa, anaongeza ukinzani, na anaweza kugonga mkia. Unataka gurudumu la mbele likiwa hewani kwa upana wa kiganja, basi.

Sasa kile kinundu. Ndege iko noti 45, inataka 55, inapanda kinundu na kutupwa hewani mita moja. Kila kiungo cha mwili kinakwambia vuta. Usivute. Shikilia pua pale pale ilipo, mabawa sawa, miguu ikinyoosha ndege na mstari, aileroni (vibamba vya ncha za mabawa) ikielekea upepo wa ubavuni, na iache irudi chini kwa magurudumu makuu. Itagusa, itaendelea kukimbia, itapata noti 55 baada ya sekunde chache. Ukivuta unaganda hewani kwenye mwendo ambao ukinzani ni mkubwa kuliko nguvu uliyonayo, na ukirudi chini safari hii unarudi kwa kishindo, pengine kwa ubavu. Miguu ya ndege imeundwa kubeba kishindo cha wima. Cha ubavuni kinaivunja.

Baada ya kunyanyuka

Karibu na ardhi ukinzani unaotokana na mnyanyuo hupungua. Bawa likiwa kwenye kimo cha robo ya urefu wake kutoka ncha hadi ncha, hupungua kwa karibu asilimia 24; kwenye moja ya kumi, karibu asilimia 48; kwenye kimo sawa na urefu wote, asilimia 1.4 tu. Kwa bawa la mita 11, robo ni mita 2.75. Ndege yenye bawa la chini huipata athari hii kwa nguvu zaidi kuliko yenye bawa la juu, kwa kuwa bawa la juu liko zaidi ya mita 2 juu hata likiwa limesimama.

Hii ndiyo zawadi inayogeuka mtego. Ndege hunyanyuka kwenye mwendo ambao haiwezi kuupandia. Kwa hiyo magurudumu yakiacha ardhi, shusha pua kidogo mara moja, ruka sambamba na ardhi, na subiri. Kwa 172S, noti 62 ndiyo mwendo wa kupanda kwa pembe kali na 74 ndiyo wa kupanda kwa haraka kwenye usawa wa bahari. Mwinukoni namba hizo husogeleana, soma zako kwenye jedwali. Ukiufikia mwendo, panda na ushikilie mwendo huo huo. Flapi usiziguse hadi vizuizi vipite, kisha ziingize taratibu, maana kuziingiza kwa mkupuo huizamisha ndege.

Ukitoka juu ya vilele vya miti upepo hubadilika ghafla. Ukigeuka kuwa wa nyuma, mwendo wa hewa unaanguka na pua inataka kushushwa, jambo gumu sana miti ikiwa imekaribia. Kona ziwe laini. Kwenye mwinamo wa digrii 30 mwendo wa stoli huongezeka asilimia 7, kwenye 45 asilimia 19, kwenye 60 asilimia 41, ukiwa unalinda kimo.

Ikishindikana

Ukikatiza ukiwa chini: throto funga, usukani nyuma, breki kwa nguvu bila kuyafunga magurudumu yakateleza. Ukiona huwezi kukwepa mwisho wa kiwanja, funga mafuta na magneto kabla ya kugonga.

Ukiwa hewani na haipandi, na nafasi ya kutua mbele ipo, funga throto utue hapo hapo. Ndege iliyopinda kwenye vichaka ni hasara ya vyuma. Kama mbele ni miti mitupu, nenda nayo ukiwa na mwendo mdogo kabisa ambao bado unaitawala, mabawa yakiwa sawa, pua kati ya mashina ili mabawa ndiyo yachukue pigo. Mwili uliofungwa mkanda wa mabega unaweza kuvumilia kusimamishwa kwa nguvu ya mara 9 ya uzito, na kwa nguvu hiyo kutoka kilomita 80 kwa saa kunahitaji mita 2.8 tu. Kutoka 160 kunahitaji mita 11.2. Kila noti unayoipoteza kabla ya kugonga ni uhai. Usistoli, na usijaribu kugeuka kurudi kiwanjani ukiwa chini ya vilele vya miti.

Ukikatiza salama, usijaribu tena papo hapo. Zima, shuka, kagua. Tazama ukuta wa chuma kati ya injini na chumba kama umekunjamana, hasa kwenye Cessna 182 ambayo pua yake ni nzito. Kagua shokomzoba, breki zilizopata moto, na propela kwa ukucha tena. Kama mizunguko ya injini ilishuka ghafla kwa propela kupiga majani marefu au maji, Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege, inalihesabu hilo kuwa pigo la propela hata kama bleidi hazina alama, na injini inatakiwa kukaguliwa na fundi kabla ya kuruka tena.